Pakiti Tatu za Chumvi: Dawa za Kukojoza na Kazi Yake Ndani ya Figo

Mhadhara wa hadhara, Nakasero, Kampala



Naanza na hesabu, maana bila hesabu hii dawa tunazozungumzia leo hazieleweki. Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Ndani ya kila lita mna gramu 8 hivi za chumvi. Zidisha, utapata karibu kilo moja na nusu ya chumvi inayopita kwenye figo kwa siku moja, yaani pakiti tatu za nusu kilo, zilezile mnazonunua hapo sokoni Nakasero. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku. Figo ikiachia hata sehemu moja ya kumi ya chumvi inayoichuja, mtu atakauka kabla siku haijaisha.

Haiachii. Mkojo wa siku nzima ni lita moja na nusu au mbili, na chumvi iliyomo inakaribiana na ile tuliyokula. Kilichobaki chote kimerudishwa kwenye damu, chembe kwa chembe, kwa kazi inayotumia nguvu nyingi sana.

Watu husema kidonge cha Lasix kinavuta maji. Hakivuti. Karibu dawa zote za kukojoza haziyagusi maji. Zinachofanya ni kuzuia sehemu ya ile kilo moja na nusu ya chumvi isirudi kwenye damu. Chumvi ikibaki ndani ya mrija wa figo, maji hubaki nayo, na vyote viwili hutoka. Tofauti kati ya dawa na dawa ni mahali inapoizuia chumvi. Ukipajua mahali hapo, utajua pia nguvu ya dawa, saa zake za kazi, madini inayoyapoteza na mgonjwa anayeifaa. Usipopajua, utabaki kumpa kila aliyevimba kidonge kilekile.

Kila figo ina nefroni takriban milioni moja. Nefroni ni kichujio kidogo cha mishipa ya damu iliyojikunja, kinachofuatwa na mrija mwembamba usioonekana kwa macho. Figo hufanya kazi kama mama anayesafisha nyumba kwa kutoa kila kitu uani, kisha akarudisha ndani anachokihitaji na kuacha taka huko nje. Ni njia ya gharama, lakini ndiyo inayoiwezesha figo kutoa hata sumu ambayo mwili haujawahi kukutana nayo: haihitaji kuitambua, inaiacha tu nje.

Mrija huo una sehemu nne. Ya kwanza, inayoanzia kwenye kichujio, hurudisha karibu theluthi mbili ya chumvi yote pamoja na sukari na bikaboneti. Ya pili hushuka hadi kina cha figo kisha ikapanda tena. Hili ni tao la Henle, lenye jina la mwanaanatomia wa Kijerumani Jakob Henle, na upande wake unaopanda hurudisha robo nyingine. Ya tatu ni mrija wa mbali, ambao hurudisha asilimia 5 hadi 7 hivi. Ya nne ni mrija wa kukusanyia mkojo. Huo hurudisha asilimia 2 au 3 tu, lakini ndipo homoni zinapotoa uamuzi wa mwisho.

Ungedhani kwamba dawa inayofanya kazi kwenye sehemu ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana huko ndiko mzigo mkubwa uliko. Sivyo. Chumvi inayokosa kurudishwa hapo huokotwa na sehemu tatu zinazofuata. Asetazolamidi ni mfano mzuri. Ilizaliwa kutokana na dawa za salfa za miaka ya 1930, baada ya madaktari kuona kwamba wagonjwa waliopewa salfanilamidi walikojoa zaidi na damu yao ikawa na asidi. Dawa hii huzuia kimeng'enya kinachosaidia kurudisha bikaboneti. Kwa kutoa maji mwilini ni dhaifu, na baada ya siku chache huchoka kabisa. Lakini ile asidi inayoiacha kwenye damu humfanya mtu apumue kwa kina zaidi, na ndiyo sababu wapandaji wa Rwenzori, wanaoelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109, hubeba vidonge vyake kwa ajili ya ugonjwa wa mwinuko. Wanapanda mlima na kidonge cha figo, na kinawafaa.

Katika sehemu hiyohiyo ya kwanza kuna jamii mpya, dapagliflozini na ndugu zake. Hizi huzuia sukari isirudi, na sukari inapotoka huondoka na chumvi kidogo na maji. Asili yake ni florizini, kemikali iliyotolewa kwenye mti wa tufaha mwaka 1835. Zilitengenezwa kwa ajili ya kisukari, lakini mwaka 2019 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba zinawasaidia wagonjwa wa moyo hata wasio na kisukari. Bei yake bado ni mzigo kwa wagonjwa wengi wa hapa, nami natamani siku ifike zipatikane kwa urahisi wa panadoli.

Manitoli naigusa tu. Ni sukari inayochujwa lakini hairudishwi na sehemu yoyote, hivyo hushikilia maji ndani ya mrija mpaka yatoke. Hutumika kwa dripu kupunguza uvimbe wa ubongo, na katika mji huu wa bodaboda wauguzi wa majeruhi wa kichwa wanaijua vizuri.

Sasa tufike kwenye tao la Henle, kwa furosemidi, ambayo wengi mnaiita Lasix.

Katika upande unaopanda wa tao hilo, kuta za mrija zina milango ya protini inayobeba sodiamu moja, potasiamu moja na kloridi mbili kwa pamoja, kutoka ndani ya mrija kuelekea kwenye seli. Maji hayawezi kupita kwenye kuta hizo. Kwa hiyo kazi ya sehemu hii ni kutoa chumvi bila maji na kuilimbikiza katika kina cha figo, na chumvi hiyo iliyolimbikizwa ndiyo inayoiwezesha figo kukaza mkojo wakati mtu ana kiu. Furosemidi inakaa kwenye nafasi ya kloridi katika mlango huo na kuufunga. Robo ya chumvi yote inakosa njia. Sehemu zilizobaki mbele ni ndogo kwa uwezo, haziwezi kuiokota yote, na mkojo unatoka kwa wingi ambao hakuna dawa ya kukojoza ya sehemu nyingine ya mrija inayoufikia.

Jambo ambalo wauguzi wengi hawajaelezwa ni jinsi dawa yenyewe inavyofika pale mlangoni. Furosemidi husafiri kwenye damu ikiwa imeng'ang'ania protini ya albumini, kiasi kwamba karibu haichujwi kabisa. Seli za sehemu ya kwanza ya mrija ndizo huitoa kwenye damu na kuisukuma ndani ya mrija, kisha inaelea na mkojo mpaka kwenye tao. Inafanya kazi kutoka upande wa mkojo, si upande wa damu. Ndiyo maana mgonjwa ambaye figo zake zimeanza kushindwa hahisi lolote kwa miligramu 40: nefroni zilizobaki ni chache, na taka zilizojaa kwenye damu zinashindana na dawa kwenye njia ileile ya kuingilia. Huyo anahitaji dozi kubwa zaidi ili dawa ya kutosha ifike. Ongeza dozi mpaka mkojo uitikie. Ukishapata dozi inayoitikiwa, kuizidisha tena kwa wakati mmoja hakuleti kitu. Afadhali uirudie mara ya pili katika siku hiyo.

Tumbo nalo lina la kusema. Kwa wastani ni nusu tu ya kidonge inayofika kwenye damu, na kwa watu tofauti kiasi hicho hupanda na kushuka sana. Kwa hiyo miligramu 40 za kumeza zinakaribiana na miligramu 20 za sindano. Mgonjwa wa moyo ambaye hata utumbo wake umevimba huchelewa kuinyonya dawa, na ndiyo sababu anayefika hospitali akihema, povu likimtoka mdomoni, anachomwa kwenye mshipa. Ndani ya dakika 5 dawa imeanza kazi. Kileleni hufika baada ya nusu saa. Nawaomba wauguzi mwichome taratibu, dozi kubwa isizidi miligramu 4 kwa dakika, maana ndani ya sikio kuna mlango wa chumvi wa ukoo huohuo, na sindano ya haraka inaweza kumwachia mtu uziwi. Hatari inazidi akiwa pia kwenye antibiotiki ya jentamaisini.

Kidonge cha asubuhi kinafanya kazi saa 6 hivi. Halafu kinaisha. Saa 18 zinazobaki figo iko huru, tena ina njaa ya chumvi kwa sababu imeporwa. Mgonjwa akila chakula chenye chumvi nyingi jioni, chapati na chipsi zilizonyunyizwa vya kutosha, figo itairudisha yote aliyoipoteza asubuhi, na kesho mguu utakuwa uleule. Atasema dawa imekwisha nguvu. Dawa ilifanya kazi yake, kisha ikafutwa mezani. Kwa sababu hiyohiyo furosemidi si dawa nzuri ya presha ya kila siku kwa mtu mwenye figo nzima, ingawa nakutana na wengi wanaoimeza kwa presha peke yake.

Dawa ya presha iko katika sehemu ya tatu.

Mwaka 1957 watafiti wa kampuni ya Merck huko Marekani, wakiongozwa na Karl Beyer, walitangaza klorothiazidi. Kabla ya hapo dawa ya kukojoza yenye nguvu ilikuwa sindano ya zebaki, iliyogunduliwa mjini Vienna mwaka 1919 pale dawa ya kaswende ilipoonekana kumfanya mgonjwa akojoe kupita kiasi. Thiazidi zilikuwa za kumeza, na hazikuwa sumu. Hapa Uganda tunayoijua zaidi ni bendroflumethiazidi, kidonge kidogo cha miligramu 2.5, nyingine ni haidroklorothiazidi. Zinafunga mlango wa mrija wa mbali, ule unaobeba sodiamu moja na kloridi moja. Hapo panapita asilimia chache tu ya chumvi, basi mkojo hauongezeki sana. Wengine wanadhani kwa hiyo dawa haifanyi kazi. Lakini kwa presha hatutafuti mkojo mwingi. Tunatafuta kazi ya polepole inayodumu saa 12 na zaidi, siku baada ya siku. Wiki za mwanzo maji ya mwili hupungua. Baadaye maji hurudi karibu na kiwango chake, lakini mishipa inabaki imelegea na presha inabaki chini. Miligramu 2.5 zinatosha. Ukipandisha dozi unaongeza madhara zaidi kuliko unavyoshusha presha.

Naomba nikae kidogo hapa, maana jambo la chumvi na presha lina historia katika eneo letu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya, alichapisha vipimo vya presha vya Waafrika 1,000. Hakuwakuta na presha ya kupanda, na tofauti na Wazungu, presha yao haikupanda na umri; baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Miaka ya 1980 watafiti wakawafuata Waluo waliohama kutoka vijijini karibu na Ziwa Viktoria kwenda Nairobi. Muda mfupi baada ya kuhamia mjini presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu. Damu yao haikubadilika njiani, wala figo zao. Kilichobadilika ni maisha, na katika maisha hayo, sahani. Mimi nauona ushahidi huu kuwa mzito kuliko maneno mengi yanayosemwa kuhusu presha ya Waafrika kwamba ni ya kuzaliwa nayo.

Kuhusu dawa zenyewe tunao utafiti wa kwetu. Ulioitwa CREOLE ulichapishwa mwaka 2019. Ulihusisha wagonjwa 728 katika nchi sita, Uganda na Kenya zikiwemo, na ukalinganisha vidonge viwiliviwili. Waliopewa amlodipini pamoja na haidroklorothiazidi, na waliopewa amlodipini pamoja na perindoprili, presha yao ilishuka kama milimita 3 zaidi ya waliopewa perindoprili na haidroklorothiazidi. Milimita 3 zinaonekana chache kwa mtu mmoja, lakini kwa nchi nzima ni viharusi vingi visivyotokea. Kilichonifurahisha ni kwamba mchanganyiko mmoja wa walioshinda ni wa dawa mbili za bei nafuu, ambazo hata duka dogo la dawa linaweza kuwa nazo.

Thiazidi zina tabia zake. Zinazuia kalsiamu isitoke, basi zinamfaa mtu anayepata mawe ya figo. Furosemidi inafanya kinyume, inaitoa kalsiamu. Zinapandisha asidi ya yuriki, na mwenye jongo ataamka usiku kidole gumba cha mguu kikimwaka, hasa baada ya jioni ya muchomo na bia. Tena zina hatari moja inayowanyemelea bibi zetu: sodiamu ya damu kushuka sana. Kumbukeni ile chumvi iliyolimbikizwa katika kina cha figo na tao la Henle. Thiazidi haiigusi, kwa hiyo figo bado inaweza kukaza mkojo na kuyashika maji huku chumvi ikipotea. Bibi mwembamba wa miaka 75 aliyeanza dawa wiki mbili zilizopita, ambaye sasa anachanganyikiwa na kuanguka, msiseme ni uzee. Mpimeni sodiamu.

Kabla sijaenda sehemu ya nne, naomba tuzungumze kuhusu miguu, maana ndiyo inayowaleta watu kliniki. Muuguzi hubonyeza mbele ya mundi kwa kidole gumba, akahesabu sekunde kadhaa, akaachia, na shimo likabaki. Mara moja inaandikwa Lasix. Swali linalorukwa ni kama maji yale yapo kwa sababu mwili umeshika chumvi.

Amlodipini, dawa nzuri niliyoisifu sasa hivi, huvimbisha vifundo vya miguu kwa watu wengi. Inalegeza mishipa midogo inayoleta damu bila kulegeza ile inayoirudisha, na shinikizo linasukuma majimaji nje. Mwili haujashika chumvi ya ziada. Furosemidi haiondoi uvimbe huo; inamkausha mgonjwa na kumwibia potasiamu, na mguu unabaki vilevile. Kupunguza dozi ya amlodipini, au kuichanganya na dawa nyingine ya presha, ya jamii ya enalaprili, husaidia zaidi. Nimeona watu wakibeba vidonge vitano, na vitatu kati yake vilikuwa vya kutibu madhara ya vingine viwili. Wajawazito nao huvimba miguu. Uvimbe huo peke yake hauhitaji dawa ya kukojoza, ila presha ipimwe na mkojo uangaliwe kama una protini.

Mfano mkali kuliko yote uko karibu sana nasi, katika hospitali ya Mulago. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi hapo miaka mingi, na mwaka 1954 yeye, J. N. P. Davies na R. F. A. Dean walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kwashakoo. Mtoto wa kwashakoo ana miguu iliyovimba na uso wa duara, ngozi yake inabambuka, nywele zimebadilika rangi. Mama akimwona amevimba anadhani amejaa maji. Lakini Shirika la Afya Duniani linaagiza wazi: mtoto mwenye utapiamlo mkali asipewe dawa ya kukojoza kwa ajili ya uvimbe. Uvimbe wake huondoka kwa chakula kinachoongezwa kwa uangalifu, kwa potasiamu na magnesiamu, na chumvi kidogo. Kumpa furosemidi ni kumwondolea potasiamu ambayo tayari hana, na moyo wake unaweza kusimama. Katika kitengo cha Mwanamugimu, hapo hapo Mulago, watoto hawa hutibiwa kwa maziwa na subira.

Yule Davies ndiye anayetupeleka kwenye sehemu ya nne. Mwaka 1948, katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki, alieleza ugonjwa wa moyo aliouona kwenye maiti alizozipasua hapa Kampala: utando wa ndani wa moyo unakuwa mnene na mgumu, mpaka vyumba vya moyo vinajaa kovu na kubaki vidogo. Wagonjwa wake, wengi wao watoto na vijana, huwa na tumbo kubwa lililojaa maji ilhali miguu ni myembamba. Ukimpa mgonjwa wa namna hii furosemidi peke yake, mara nyingi tumbo halitikisiki.

Sababu iko kwenye mrija wa kukusanyia. Huko kuna mlango wa sodiamu unaotawaliwa na homoni ya aldosteroni. Mwili unapohisi damu inayozunguka haitoshi, kwa sababu moyo hausukumi au ini limesinyaa, aldosteroni hupanda na mlango hufunguliwa wazi. Kila sodiamu inayoachwa na furosemidi huko juu huokotwa hapa, na ili iingie, potasiamu hutoka. Kumbe potasiamu inayopotea kwa Lasix na kwa thiazidi haipotei hasa pale dawa inapofanya kazi. Nyingi inapotea huku mwisho, kwa sababu sodiamu nyingi imefika.

Spironolaktoni huzuia amri ya aldosteroni. Tofauti na nyingine, inafanya kazi kutoka upande wa damu, ndani ya seli, kwenye kiini chake, hivyo inachukua siku mbili au tatu kuonekana. Msiiache kesho yake mkisema haisaidii. Amiloridi hufika kutoka upande wa mkojo na kuziba mlango wenyewe. Kwa maji ya tumboni yanayotokana na ini, na hapa Uganda tunayaona kwa homa ya ini aina ya B na kwa kichocho cha wavuvi wa Ziwa Albert, tunaanza na spironolaktoni miligramu 100, na furosemidi miligramu 40 pembeni. Mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi. Kama miguu haijavimba, asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku, maana utando wa tumbo hurudisha maji polepole, na ukimkamua zaidi ya hapo unayatoa kwenye damu yake. Kwa mgonjwa wa moyo wa Davies uangalifu ni uleule: moyo wake mdogo unahitaji kujazwa kwa nguvu ili utoe chochote, na akikaushwa sana presha yake itaanguka.

Kwa wagonjwa wa moyo uliochoka, spironolaktoni miligramu 25 ilionyeshwa mwaka 1999 kupunguza vifo kwa asilimia 30. Ni kidonge cha zamani, cha bei ndogo, na bado kuna wagonjwa wengi wanaotoka wodini bila kuandikiwa.

Potasiamu sasa. Mtu wa Kampala anayekula matoke, viazi vitamu, maharage na parachichi hupata potasiamu nyingi, na akiwa kwenye thiazidi chakula hicho ni rafiki yake. Lakini mtu huyohuyo akiwa kwenye spironolaktoni, ana enalaprili au kaptoprili juu yake, na figo zake ni dhaifu, potasiamu inaweza kupanda hadi moyo ukavuruga mapigo bila dalili ya kumtahadharisha. Kuna dawa nyingine ambayo wachache wanaihesabu: Septrin. Ndani yake mna trimethoprimu, nayo huziba mlango uleule wa sodiamu unaozibwa na amiloridi. Wako watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI nchini mwetu ambao wamemeza Septrin kila siku kwa miaka. Wengi wao sasa wanazeeka, wanapata presha na magonjwa ya moyo. Daktari wa moyo akiwaandikia spironolaktoni bila kujua kuhusu Septrin, na kliniki ya virusi isipojua kuhusu spironolaktoni, ni mgonjwa peke yake anayebeba habari zote mbili. Naomba potasiamu na kreatinini zao zipimwe ndani ya wiki moja baada ya kuanza, kisha baada ya mwezi. Kipimo hiki si cha anasa.

Mliotunza wagonjwa wa muda mrefu mmeona kwamba furosemidi iliyofanya kazi mwaka jana leo haifanyi. Seli za mrija wa mbali, zikipokea chumvi nyingi miezi na miezi, hunenepa na kuongeza milango yake, mpaka zinaokota karibu chote kilichoachwa na tao la Henle. Ukiongeza thiazidi kidogo hapo, unafunga na mlango huo, na mkojo unaweza kumwagika kwa lita nyingi. Mbinu hii ni ya hospitali, kwenye mizani na vipimo vya damu, si ya kujaribiwa nyumbani kwa kuazima vidonge vya jirani.

La mwisho ni kuhusu siku za kuhara na kutapika. Mtu anayemeza dawa ya kukojoza pamoja na enalaprili au kaptoprili, siku anayoharisha sana au kushindwa kunywa, azisimamishe zote mbili mpaka ale na kunywa vizuri tena, na awasiliane na kliniki yake. Siku hizo figo inakosa damu ya kuchuja, na dawa hizi zinaizuia kujitetea. Asiongeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu ya mwili, zinazouzwa bila maswali karibu kila kona ya mji huu. Dawa hizo za maumivu hubana mishipa inayoleta damu kwenye figo na kuizuia furosemidi isifanye kazi. Zikikutana zote tatu ndani ya mtu aliyekauka, figo zinaweza kuzimika ndani ya siku chache. Panadoli inatosha, pamoja na maji ya ORS.

Nipo tayari kwa maswali yenu, na wenye vidonge waje navyo mbele tuvisome pamoja.